Sifa Iliyozaliwa na Mbwa Mdogo: Maana na Matumizi ya Neno "Feisty"

Miongoni mwa vivumishi vya Kiingereza vinavyoonekana vyepesi mpaka mtu anapotakiwa kuvifasiri, "feisty" kina nafasi ya pekee. Neno hili, ambalo hutamkwa "faisti", hutumika kumweleza mtu mwenye ari na uchangamfu, asiyekubali kuonewa, mwepesi wa kujibu na asiyerudi nyuma hata anapokabiliana na aliyemzidi nguvu, na kwa sababu hiyo wengi hulichukua kuwa ni sifa njema tu, sawa na ujasiri au ushupavu. Lakini kila anayelifuatilia tangu lilikotoka mpaka linakotumika leo hugundua kwamba ndani ya sifa hiyo mmefichwa kipimo: anayesifiwa hutazamwa kwanza umbo, umri au cheo chake, akaonekana mdogo, ndipo ari yake ikastaajabiwa. Kipimo hicho ndicho kinachomtatiza mfasiri wa Kiswahili, na ndicho kinachostahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa neno lenyewe limezagaa katika habari za siasa, michezo na filamu zinazowafikia wasomaji wa Afrika Mashariki kila siku.

Viungo vya maana

Wanaisimu, yaani wataalamu wa sayansi ya lugha, hutofautisha maana ya msingi ya neno, ambayo ndiyo inayoandikwa katika kamusi, na maana ya ziada, ambayo ni hisia na mitazamo inayolizunguka neno hilo linapokuwa midomoni mwa watu. Maana ya msingi ya "feisty" ina viungo vitatu. Cha kwanza ni uchangamfu, kwa kuwa mtu aliyepoa au aliyekata tamaa hawezi kuitwa hivyo. Cha pili ni msimamo, yaani ile hali ya mtu kutokubali kusukumwa wala kunyamazishwa. Cha tatu ni ukali wa kiasi, chembe ya ubishi inayomfanya ajibu papo hapo na, pengine, aanzishe ugomvi mdogo pale ambapo mwingine angepita kimya. Mtu mpole aliyevumilia mateso ya miaka mingi bila kuyumba ni jasiri bila shaka, lakini mzungumzaji wa Kiingereza hamwiti "feisty", kwa sababu ujasiri wake ni wa kimya, ilhali neno hili hudai sauti, macho makavu na mdomo usiokawia.

Kiungo cha nne, ambacho kimo katika maana ya ziada, ni udogo. Neno hili huwaendea kwa urahisi bibi kizee anayemfokea mwizi mpaka akakimbia, msichana mdogo anayebishana na mwalimu mkuu, mgonjwa aliyelazwa anayekataa kulishwa kijiko, na timu ya daraja la chini inayowahangaisha mabingwa kwa dakika 90. Halimwendei jenerali mwenye majeshi, wala bondia wa uzito wa juu aliye katika kilele cha nguvu zake, hata kama wote wawili ni wachangamfu, wenye msimamo na wakali. Ukali wa mwenye nguvu haushangazi, na pasipo mshangao neno hili hukosa mahali pa kusimama.

Kutoka kwenye harufu mbaya hadi kwenye sifa

Etimolojia, yaani elimu ya asili ya maneno, inaeleza kwa nini udogo umeng'ang'ania neno hili. Katika Kiingereza cha karne ya 15 kulikuwa na kitenzi kilichoandikwa "fisten" ambacho maana yake ilikuwa kutoa ushuzi. Kufikia karne ya 16 Waingereza walikwisha kulihamishia neno hilo kwa mbwa, wakawa wanamwita mbwa mdogo asiye na thamani kwa jina lililomaanisha mbwa koko anayenuka ushuzi, na mazoea yakalifupisha jina hilo hadi likabaki "fist", "fice" au "feist". Kamusi ya maneno ya mitaani iliyochapishwa London mwaka 1811 inalieleza neno "fice" kuwa ni upepo unaotoka kimya, unaotambuliwa na pua kabla ya masikio, na inaongeza kwamba vikongwe waliokuwa wakifuga vijibwa vya mapajani walizoea kuwasingizia wanyama hao. Msomaji wa Kiswahili analielewa jambo hilo upesi, kwa kuwa lugha yake pia humtenga anayejamba kwa sauti na anayeshuta kimyakimya.

Jina hilo lilivuka bahari pamoja na wahamiaji, likapata makao kusini mwa Marekani, ambako "feist" hadi leo ni mbwa mdogo wa kuwindia, mwenye damu ya mchanganyiko, anayefugwa zaidi kwa ajili ya kuwinda kindi. Kazi yake ni kumnusa kindi, kumkimbiza mpaka apande mti, kisha kusimama chini ya shina na kubweka bila kuchoka hadi mwindaji afike. George Washington, katika shajara yake ya mwaka 1770, alimtaja mbwa mdogo wa rangi ya manjano kwa kutumia umbo mojawapo la jina hilo. Abraham Lincoln naye, kabla hajawa rais, alitunga katika miaka ya 1840 shairi liitwalo "The Bear Hunt", ambalo mwishoni mwake dubu akiwa amekwisha kuuawa na wawindaji wakiwa wanagombania ngozi, hujitokeza mbwa wa aina hiyo, mwenye miguu mifupi, aliyechelewa kufika, akasimamisha manyoya, akamrukia dubu aliyekufa, akamtikisa kwa hasira zote na kujitangaza kuwa yeye ndiye mshindi. Taswira hiyo ina kila kitu kilichokuja kuingia katika kivumishi: umbo dogo, ghadhabu kubwa, na mtazamaji anayetabasamu pembeni.

Kivumishi chenyewe, chenye maana ya "mwenye tabia za mbwa huyo", kinaonekana katika maandishi ya Marekani mwaka 1896, na wakati huo hakikuwa sifa njema kwa ukamilifu. Kwa watu wa milima ya Appalachia kilimaanisha mtu mkorofi, mwenye kuchokozeka haraka, au mwenye kujishaua. Mwandishi Horace Kephart, aliyeishi miongoni mwa watu hao na kuchapisha kitabu juu ya maisha yao mwaka 1913, aliandika maelezo aliyopewa huko kwamba mtu wa namna hiyo ni yule asiyetulia mahali pamoja, anayetaka kila mtu amwone, kama mtoto nyumba inapotembelewa na mhubiri. Hata leo, katika Kiingereza cha Jamaika, mtoto anayeitwa "feisty" hajasifiwa. Ameambiwa kuwa ni mfidhuli anayewajibu wakubwa.

Safari hii ya neno kutoka kwenye harufu hadi kwa mbwa, kutoka kwa mbwa hadi kwa mtu mkorofi, na kutoka kwa mkorofi hadi kwa mtu wa kupendeza, ndiyo ambayo wanasemantiki, yaani wachunguzi wa maana, huiita kupanda hadhi kwa maana. Haipaswi kumshangaza Mswahili, ambaye amelisikia neno "mkali" likiacha kumaanisha mwenye hasira tu na kuanza kumaanisha bingwa wa muziki au wa hisabati, na ambaye akimwambia mpishi kwamba pilau lake ni balaa hajamtukana bali amempa sifa ya juu kabisa. Tofauti ni kwamba "mkali" na "balaa" yalipopanda hadhi yalimpandisha na anayesifiwa, ilhali "feisty" lilipanda huku likimwacha anayesifiwa palepale chini, penye miguu mifupi ya mbwa.

Nani huitwa hivyo

Ushahidi wa jambo hilo umo katika maisha ya watu mashuhuri wa Marekani waliobandikwa sifa hii. Harry Truman, aliyekuwa rais kuanzia mwaka 1945 hadi 1953, alikuwa mtu wa umbo la kawaida, mwenye miwani minene, aliyerithi kiti cha Franklin Roosevelt, kiongozi ambaye wengi waliamini hakuna wa kumfikia. Katika kampeni za mwaka 1948 alizunguka nchi kwa treni akiwashambulia wapinzani wake kwa maneno makali, akamshinda Thomas Dewey licha ya utabiri kwamba angeshindwa vibaya. Ross Perot, tajiri wa Texas aliyegombea urais mwaka 1992 bila chama kikubwa nyuma yake, alikuwa mfupi wa kimo na mwenye sauti nyembamba. Wote wawili walielezwa mara kwa mara kwa kivumishi hiki, na wote wawili kilichokuwa kikipimwa ni umbali kati ya udogo wa mtu na ukubwa wa vita aliyoiingia.

Kwa wanawake, hata hivyo, kipimo hicho hakihitaji kimo kifupi wala sauti nyembamba, kwa kuwa jinsia yenyewe hugeuzwa kuwa udogo. Mwaka 1984 Geraldine Ferraro, mbunge kutoka New York, aliteuliwa kugombea umakamu wa rais akiwa mwanamke wa kwanza kufanya hivyo kwa tiketi ya chama kikubwa nchini Marekani, na magazeti yakamwita "feisty" mara nyingi. Ferraro alikuwa mwanasheria aliyewahi kuwa mwendesha mashtaka, na katika mdahalo wa televisheni wa Oktoba mwaka huo alimweleza waziwazi George Bush, aliyekuwa makamu wa rais, kwamba karibu achukizwe na namna alivyokuwa akimfundisha mambo ya nje kama mwanafunzi. Mwanamume mwenye wasifu huo na majibu hayo angeitwa mpambanaji, mkali wa hoja au mwanasiasa mahiri. Ndiyo maana wanawake wengi wanaozungumza Kiingereza wamelilalamikia neno hili, wakisema kwamba linawapapasa kichwani kama mtoto aliyesema jambo la kikubwa, na malalamiko yao yana msingi katika historia ya neno lenyewe.

Haimaanishi kwamba neno limekuwa tusi. Wapo wanawake wanaojiita hivyo kwa fahari, wapo wajukuu wanaolitumia kwa upendo mtupu wanapomkumbuka bibi aliyefariki, na timu ndogo hulipokea kama nishani. Linalobadilika ni nafasi ya msemaji: anayejiita hivyo amejipima mwenyewe, lakini anayeitwa hivyo amepimwa na mwingine, na mara nyingi mpimaji amesimama juu yake.

Ndugu zake wa Kiingereza

Kiingereza kina ukoo mzima wa vivumishi vya watu wenye ari, na kulijua neno hili vizuri ni kujua linapoachana na nduguze. "Spirited" ndilo lenye heshima zaidi, na asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya pumzi, kwa hiyo linakaribiana na namna Waswahili wanavyoihusisha roho na pumzi. "Plucky" limetokana na jina la moyo, ini na mapafu ya mnyama aliyechinjwa, na lenyewe pia hupenda kuwasifu wadogo, ila halina ukali wa ulimi. "Gutsy" limetokana na matumbo, na hapa mfasiri anayefuata neno kwa neno ataumbuka, kwa kuwa Waingereza huuona ujasiri ndani ya utumbo ilhali katika Kiswahili mtu anayeongea utumbo anaongea upuuzi. Ujasiri wa Mswahili hukaa moyoni, na ndiyo maana husemwa kwamba mtu amepiga moyo konde. "Spunky" limetokana na kitu kikavu kinachoshika cheche upesi. "Sassy" ni mzao wa neno la mchuzi, ambalo nalo linatokana na neno la Kilatini la kitu kilichotiwa chumvi, na humwelekea mtu mwenye majibu ya ufidhuli unaofurahisha. Kati ya hayo yote ni "feisty" peke yake lililotoka kwa kiumbe kamili chenye tabia yake, na pengine ndiyo sababu linapotamkwa msikilizaji huona sura ya mtu, mikono kiunoni na kidevu kimeinuliwa.

Kiswahili kina nini

Neno la Kiswahili lililo karibu zaidi ni "machachari". Maana yake ya awali ni hali ya kutotulia, kama ya mtoto mtukutu, lakini kurasa za michezo na siasa zimelipandisha hadhi, na sasa winga machachari ni yule anayewasumbua mabeki pande zote mbili, na mbunge machachari ni yule asiyekalia swali lake hata Spika akimtazama. Lina uchangamfu, lina usumbufu, lina chembe ya ugomvi, na limepitia njia ileile ya kutoka kwenye lawama hadi kwenye sifa. Linachokosa ni udogo, kwa kuwa mtu mzito mwenye madaraka naye anaweza kuwa machachari.

Maneno mengine yanachukua kiungo kimojakimoja. "Mkakamavu" limetokana na kitenzi "kakamaa", yaani kuwa gumu, nalo linaeleza uimara wa mwili na wa nia, kama ule wa askari katika gwaride, bila kugusa ulimi. "Shupavu" linatokana na "shupaa", ambalo pia ni kuwa gumu, na zamani lilibeba ukaidi pamoja na uthabiti kabla halijasafishwa na kuwa sifa tupu. "Ngangari", lililovuma katika siasa za Tanzania kuelekea uchaguzi wa mwaka 2000 pale wafuasi wa chama cha upinzani cha CUF walipojiita hivyo, lina changamoto ndani yake, ile ya mtu anayesema kwamba hatishiki. Upande wa lawama kuna "mbishi", "jeuri", "mfidhuli" na "mkorofi", ambayo yanafaa pale tu mwandishi wa Kiingereza alipokusudia kulaumu.

Kiswahili nacho hakijasalimika na upimaji wa wanawake. Mwanamume asiyenyamaza huitwa machachari, lakini mwanamke wa tabia hiyohiyo huweza kuambiwa ana mdomo, ana kiherehere, au ni mcharuko, na hata anaposifiwa huweza kuitwa jikedume, kana kwamba ujasiri wake ameuazima kwa wanaume. "Mwanamke wa shoka" ni sifa bora kuliko hizo, maana humtaja kama mtu wa kazi nzito. Kwa hiyo mfasiri anayekwepa mtego wa Kiingereza asije akatumbukia katika wa nyumbani.

Jambo la kina zaidi ni la sarufi. Kiingereza kimeuficha udogo ndani ya kivumishi, mahali ambapo msemaji anaweza kuutumia bila kuungama, lakini Kiswahili huuweka juu ya nomino, hadharani, kwa kiambishi cha ngeli: mbwa akawa kijibwa, mtu akawa kijitu, mtoto akawa kitoto. Anayetaka kuhamisha "feisty" kwa ukamilifu wake angelazimika kusema "kijitu machachari", na papo hapo kila msikilizaji angejua kwamba mtu ametwezwa. Yaani lugha yenyewe inamlazimisha mfasiri kuamua kwa uwazi jambo ambalo mwandishi wa Kiingereza hakulazimika kuliamua: je, huyu mtu adunishwe au la?

Kufasiri kwa uaminifu

Kwa kuwa hakuna kisawe kimoja, yaani neno moja lenye maana ileile, njia iliyo salama ni kuuliza maswali mawili kabla ya kuandika: nani anasemwa, na anayesema anamtazama kutoka wapi. Mtoto wa miaka minne anayegombania mpira na kaka zake ni machachari, na hata "kitoto machachari" si kosa, maana udogo wake ni wa kweli na mapenzi yako wazi. Timu iliyopanda daraja msimu huu na kuwabana vigogo ni timu machachari au timu isiyokubali kufungwa kirahisi. Bibi wa miaka 85 anayekataa kushikwa mkono akipanda ngazi huelezwa vizuri zaidi kwa sentensi kuliko kwa neno: bibi mchangamfu, mkali kidogo, asiyependa kubebwa. Mhusika wa riwaya anayejibizana na bwana shamba anaweza kuwa "msichana asiyekubali kuonewa", maneno matatu yanayofanya kazi ambayo kivumishi kimoja cha Kiswahili hakiwezi kuifanya.

Kwa viongozi uangalifu uwe mkubwa zaidi. Bibi Titi Mohamed alianza kuongoza wanawake wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, mwaka 1955, akawaingiza katika harakati za uhuru kwa kupitia vikundi vya ngoma ya lelemama, akihutubia umati katika wakati ambao mwanamke jukwaani lilikuwa jambo geni. Wangari Maathai, mwanamazingira wa Kenya, mwaka 1989 alipinga ujenzi wa jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park jijini Nairobi, akatukanwa na kukejeliwa na wenye madaraka, na jengo hilo halikujengwa. Mwandishi wa Kiingereza akimwita mmoja wao "feisty" pengine atakuwa na nia njema, lakini neno lake litakuwa limeangalia kimo cha mwanamke kabla ya kuangalia kazi yake. Mfasiri wa Kiswahili ana haki, na kwa hakika ana wajibu, wa kuandika "shupavu" au "mpambanaji" na kuuacha udogo huko ulikotoka.

Waswahili husema kwamba mdharau mwiba mguu huota tende, na methali hiyo ina funzo kwa mtumiaji wa kivumishi hiki. Inamtaja mdogo na mkubwa kwa pamoja, kama "feisty" linavyofanya, lakini haimpigii mwiba makofi kwa kuthubutu kuchoma. Humgeukia mwenye mguu na kumtaka aangalie anapokanyaga. Anayekutana na neno hili katika gazeti au kitabu na afanye vivyo hivyo, amtazame aliyeitwa hivyo kwa makini, kisha amtazame na aliyemwita.